Aliyetoka Bila Kuingia

Mtu anawezaje kutoka ndani ya nyumba ambayo hakuingia? Swali hilo nililiandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi iliyotoka kwenye mashine ya depo ya dawa, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na kwa kuwa sikupata jibu la waya nilitafuta jibu la mtu. Mwezi uliopita nilikwenda Kabondo, mtaa wa Kisangani, kwenye arobaini ya mtu huyo. Hakuna aliyenialika. Nilisikia kwa muuza mbao habari ya msiba wa papa Ramazani (papa kwetu ni baba), nikavaa kitenge cha heshima, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaingia upande wa wanawake kama mtu mwenye haki ya kukaa pale. Waliniletea sahani ya wali na nyama bila kuniuliza mimi ni nani. Nilikula nikiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, nikijaribu kujua ni yupi anayejua. Ndiyo tabia yangu hadi leo: hata chakula cha matanga nakila kama mpelelezi. Karibu na ukuta, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, alikaa mama Josée, aliyekuwa mfamasia wa ile depo. Nywele zilikuwa zimemgeuka nyeupe zote. Alinitambua kabla sijamtambua, akapapasa mkeka kando yake niende nikae. Aliyoniambia nitayafikia. Kwanza mwaka wenyewe.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elektroniki na mdomo mrefu. Sikuamini kitu. Mhubiri akisema mgonjwa amepona, nilitaka kuona karatasi ya daktari. Muuza samaki akisema mbisi ametoka Yanonge asubuhi hii, nilimfunua samaki huyo mashavu. Aliyekubali kuniajiri na tabia hiyo alikuwa tonton Losala. Hakuwa ndugu yangu; kila mtu wa mjini alimwita tonton, yaani mjomba. Alijifunza umeme kwenye meli za mto, bila shule, na alikuwa na karakana ya chumba kimoja kule Makiso, chenye harufu ya risasi ya kulehemu na ndizi za kuchoma. Alinipa meza iliyokuwa mlango zamani, bado ina tundu la kitasa, na kila mchana tulikula juu yake lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, sahani zetu zikiwa katikati ya nyaya. Aliniita ingénieure, mhandisi, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Alikuwa akisema mimi nawaogopa watu kuliko ninavyouogopa umeme, na fundi anayewaogopa watu zaidi siku moja hushika waya ulio na moto. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyesoma.

Kazi kubwa ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa hiyo depo. Ilikuwa nyumba ndefu ya ghorofa moja, ukumbi wa makatoni katikati, chumba cha baridi cha chanjo upande mmoja, na nyuma korido fupi iliyoishia kwenye mlango wa nje. Ndani kulikuwa na alamu ya zamani: detekta zilizotundikwa pembeni mwa dari, zinazoona mtu akipita, na king'ora juu ya paa. Wakubwa wa depo walikuwa wamenunua na milango ya kadi, ile ambayo sumaku kubwa yenye betri ya akiba hushika mlango kwa juu na kuuachia ukionyesha kadi yako. Mifumo hiyo miwili haikujuana. Mtu akifungua kwa kadi yake halali, alamu ilipiga kelele hata hivyo, na majirani walikuwa wamechoka kiasi kwamba mwizi wa kweli angeweza kuja na ngoma asishtue mtu. Kazi yangu ilikuwa kuifanya isemezane: kadi ikikubaliwa, alamu ya mlango ule inyamaze, mlango ukifunguka bila kadi, king'ora kilie. Kwenye ule mlango wa nyuma niliongeza kitu kimoja. Mama Josée aliogopa moto. Alisema hakubali kufungiwa na makatoni siku umeme ukichachamaa, kadi yake ikiwa imebaki mezani. Basi nikaweka jicho dogo ndani, juu ya mlango, linalohisi mtu anapoukaribia kutoka ndani. Likimwona, linaachia sumaku, linaiambia alamu inyamaze, na mashine inaandika neno moja tu: SORTIE, yaani mtu ametoka. Nikaliacha jicho hilo lifanye kazi saa zote, kwa sababu moto hauchagui saa. Siku nilipolifunga, kulikuwa na msumari mtupu ukutani kando ya mlango, chini ya feni ya dari. Niliutumia kutundikia mfuko wangu.

Aliyenishikia ngazi alikuwa papa Ramazani. Alikuwa mlinzi wa uwanja, lakini ufundi wake ulikuwa useremala, kama baba yake na babu yake, na ule mlango wa nyuma alikuwa ameutengeneza yeye, wa mti wa kambala, ndio mvule, mzito kama jiwe la kusagia. Watu wa ukoo wake walikuwa na namna yao ya kufunga milango ya stoo: bawaba waliziinamisha kidogo makusudi, ili komeo likiachia tu, mlango usogee wenyewe kwa nje upana wa kiganja, na mchukuzi mwenye mzigo kichwani amalizie kwa bega. Nilipotoboa tundu la waya kwenye ule mti alifumba macho kama anayedungwa yeye. Aliniuliza kama sindano ile ilikuwa ya lazima. Nilimjibu kwamba mlango bila waya ni ubao tu. Akacheka, akasema, “Na mutoto bila adabu iko nini?” Kisha akaendelea kushika ngazi. Alikuwa na ufunguo wa geti na ufunguo wa kibanda cha jenereta, ambayo sisi twaiita groupe, na aliiwasha kila alfajiri kwa kuwa umeme wa mji ulikatika kila jioni. Kadi ya kuingia ndani hakupewa. Walinzi hawapewi, nami ndiye niliyeandika sheria hiyo.

Wiki nzima ya majaribio nilikula mchana na watu wa depo katika chumba cha kupokelea wageni. Mama Josée aliketi mwisho wa meza ndani ya blauzi yake nyeupe ya kazini, ile ndefu kama koti la daktari, ya mikono mirefu, nyeupe kiasi cha kukukera. Alikuwa nayo moja tu. Alisema mfamasia mwenye doa kifuani hata dawa yake haiponyi. Watu wa ofisini walimtania kwamba hata mchuzi wa majani ya pondu unamwogopa. Mimi nilisikiliza mengine. Nilisikia wakinong'ona kuhusu dawa za depo nyingine zilizoonekana sokoni Bafwasende, pikipiki zikizipeleka kwa wachimba dhahabu. Nilisikia mmoja akisema wezi wa siku hizi hawavunji, wanafunguliwa. Nilikula kwanga yangu ya muhogo nikaliweka neno hilo akibani.

Siku ya tisa baada ya kuwasha mfumo nilichapisha orodha ya mashine. Kila mlango, kila kadi, kila saa. Na pale, asubuhi sita kati ya hizo tisa, saa kumi na moja na dakika kumi hivi, kabla mfanyakazi yeyote hajafika: mlango wa nyuma, SORTIE, mlango umefunguka, mlango umefungwa. Nilipanda orodha hadi jioni ya kila siku. Kadi zote zilizoingia zilikuwa zimetoka. Detekta za ukumbini hazikuona mtu. Yaani kila alfajiri mtu alitoka kwenye nyumba isiyo na mtu, bila kupita ukumbini, akaenda zake. Walihesabu makatoni mara mbili, hakuna lililopungua. Wengine walipumua. Mimi ndipo nilipoanza kuogopa. Niliwaambia mezani kwamba mwizi asiyechukua kitu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu bado anajifunza nyumba. Aliyetoka alijua detekta ziko wapi, akazikwepa. Nani mwingine alijua ziko wapi, zaidi ya aliyenishikia ngazi?

Haki inanitaka niseme kwamba yeye mwenyewe alikuja kuniambia, kabla sijamuuliza. Nilikuwa nainama kwenye sanduku la nyaya pale getini. Alisema, “Mutoto yangu, ule mulango iko unafunguka yenyewe. Nawasha groupe kwa ajili ya frigo ya chanjo, nasikia ka! Naenda, nakuta iko wazi. Nasukuma.” Nilimuuliza ameona nani ndani. Akasema ndani giza, na yeye haruhusiwi kuingia, sheria ni yangu. Kesho yake alirudia maneno yaleyale, na wiki iliyofuata tena, kwa mpangilio uleule, groupe, ka, wazi, nasukuma. Mtu mwingine angesema anayerudia jambo bila kulibadilisha anasema kweli. Mimi nilikuwa nimejisadikisha kwamba hadithi isiyobadilika ni hadithi iliyokaririwa. Nilimuuliza maswali hadi akachoka. Alisema, “Weye uko na maswali sawa polisi ya barabara. Tofauti, ule anakuachaka kisha.”

Tonton Losala, nilipompelekea orodha, aliisoma kidole kikiwa juu ya mstari kama anayesoma barua ya deni, akaiweka chini, akaendelea kula. Halafu akasema, “Ingénieure, umeuliza batu bote. Waya, weye haujauliza.” Lilinichoma, kwa hiyo siku iliyofuata niliuliza waya. Saa sita mchana nilizima umeme wote wa depo, nikamwagiza papa Ramazani awashe groupe, nikasimama nje ya mlango wa nyuma na saa mkononi. Groupe ilinguruma. Taa ziliwaka, feni ya dari katika korido ilianza kuzunguka, kwa kuwa hakuna mtu Kisangani anayezima swichi umeme ukikatika. Mlango haukusogea. Nilirudia mara ya pili, nikarudia mara ya tatu. Mama Josée alikuwa amesimama kando yangu mikono ameikunja juu ya blauzi yake nyeupe, akicheka kidogo, akiniuliza kama mchawi wangu amekwenda kula. Papa Ramazani alitoka kwenye kibanda akifuta mikono, akautazama mlango wake kama mtu aliyesalitiwa na mtoto wake mbele ya wageni. Niliandika kwenye daftari: jaribio mara tatu, mfumo hauna kosa. Nilikuwa na furaha. Sitaificha, kwa sababu ndiyo inayonisumbua: nilikuwa na furaha.

Kilichobaki kilikuwa kumwona kwa macho. Ng'ambo ya barabara, upande wa nyuma wa depo, mama mmoja aliuza mikate ya kukaanga na uji kuanzia alfajiri. Nilikaa kwenye benchi lake, kikombe mkononi, nikitazama katika mwanya wa geti. Papa Ramazani alitoka, akanawa mikono na uso na miguu kwenye bomba, akasali juu ya kipande cha turubai. Akaingia kwenye kibanda, groupe ikawaka. Akatoka, na hapohapo, bila kusita, bila hata kugeuza kichwa, akaelekea mlango wa nyuma. Alikuwa ameshainua mkono kabla sumaku haijaachia. Mlango ukasogea upana wa kiganja. Akauweka kiganja chake, akausukuma, akausikiliza. Kisha akarudi kukaa. Sikuona mtu akitoka, lakini kutoka pale nilipokaa nisingeweza kuona ardhi yote nyuma ya nyumba. Niliona kilichonitosha: alijua saa yake. Mlango ulipofunguka yeye alikuwa tayari anauendea. Nilimlipa mama wa mikate, nikaenda kuandika ripoti.

Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili na ilikuwa nzuri. Sikuandika kwamba ni mwizi. Niliandika kwamba mfumo umejaribiwa na hauna hitilafu, kwamba mlango unafunguliwa na mtu aliye ndani, na kwamba mlinzi ameonekana akiusubiri. Maneno yote yalikuwa ya kweli, isipokuwa moja, na hilo sikulijua. Tonton Losala alitia sahihi chini ya jina langu. Mkubwa wa depo alituita wote katika kile chumba cha wageni tulimokuwa tukila. Sahani zilikuwa bado mezani, mifupa ya samaki imefunikwa na nzi. Papa Ramazani alisimama kofia mkononi akasema sentensi yake, groupe, ka, wazi, nasukuma. Mimi niliuliza, mbele ya watu wote, kama mlango unafunguka wenyewe kwa nini hakutuita. Alinitazama mimi, si mkubwa.

“Nilikuita,” akasema. “Mara tatu.”

Mkubwa alisema hakuna anayemshtaki, ni tahadhari tu, basi donc arudishe funguo na jioni ahamishe vitu vyake kutoka chumba chake cha uani. Alikuwa ameishi humo miaka mingi na mjukuu wake aliyesoma shule ya karibu. Alizitoa funguo mbili kwenye uzi shingoni, akaziweka kati ya sahani. Alichouliza kilikuwa kimoja tu: kesho groupe atawasha nani, maana chanjo hazijui kama kuna mkutano. Mama Josée alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaona aibu kwa niaba ya papa Ramazani.

Kesho yake alikuja mlinzi mpya wa kampuni, kijana mwenye buti na simu. Aliwasha groupe saa ileile. Feni ileile ilizunguka. Nilichapisha orodha: hakuna SORTIE. Siku ya pili hakuna, wiki hakuna, mwezi hakuna. Groupe ileile, mlango uleule, waya zilezile, kilichobadilika ni mtu mmoja. Ukimfundisha mwanafunzi maana ya ushahidi utampa mfano huo. Tonton Losala aliikunja karatasi, akasema, “Bon. Ulikuwa na haki,” bila furaha yoyote, na tangu siku hiyo hakunitania tena. Sikujua kwamba utani wake ningekuja kuutamani. Kazi zilikuja: maduka, nyumba za wakubwa, hospitali. Nikawa yule dada anayeona wezi ambao wengine hawawaoni. Kila nilipokaa na wateja wakasema mlinzi wetu ni mtu mwema, nilitabasamu na kuwasimulia habari ya depo, bila kutaja jina.

Papa Ramazani nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye barabara ya Kapalata, akipiga randa kando ya vitanda vilivyopangwa vumbini kuuzwa. Nilikuwa nyuma ya pikipiki. Alinyanyua macho, akanitambua, akainua mkono. Hakuupunga. Aliuinua tu, kiganja wazi mbele, kama anayesukuma kitu kirudi mahali pake. Nilikaa na ishara ile miaka. Mara niliiona laana, mara kejeli, mara salamu ya mzee ambaye bega limekaza. Mtu mwenye shaka ana mateso haya: anaweza kutilia shaka hata kiganja, na bado ikamchukua miaka kutilia shaka karatasi yake mwenyewe. Kwa sababu niliulizia kila mtu wa mwaka ule, nilimchunguza kila mmoja, na niliyemwacha bila kumpekua alikuwa mimi.

Kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka, Kabondo, kando ya mama Josée. Hakuwa amekuja kunilaumu; alikuwa akimlilia mtu wake. Alinisimulia jinsi papa Ramazani alivyokuwa mwema, kwa vitu vidogovidogo, kama watu wanavyofanya kwenye matanga. Bomba la depo lilikuwa uani na mgongo wake ulikuwa mbovu, akasema, basi kila jioni kabla ya kufunga, papa Ramazani ndiye aliyemchotea maji, ndoo mbili, akamwachia mlangoni, ili afue ile blauzi yake moja. Alifua, akakamua, akaitundika kwenye ule msumari wa korido, chini ya feni, na asubuhi akaikuta imekauka. Jumamosi jioni alikwenda nayo nyumbani kuipiga pasi, na siku alizochelewa kufunga hakufua. Alipofukuzwa mzee, yule kijana wa buti alisema kuchota maji si kazi yake.

“Nikaanza kufulia nyumbani,” alisema. “Ni ile tu. Toka kesho yake ile. Nilisikia haya kumuomba mutu mwingine.”

Nilimuuliza kama ana hakika ni kesho yake. Alisema kitu kama kile mtu hakisahau. Nilimuuliza ilitundikwa vipi. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya mkeka, kuonyesha: kwenye hanga, mikono wazi, ikitazama mlango. Blauzi mbichi, nyeupe, ya urefu wa mtu, moja kwa moja chini ya jicho langu; na kila alfajiri groupe ilipowaka, feni iliipuliza, ikatembea, kabla upepo haujaibana ukutani.

Jaribio langu nililifanya saa sita mchana, mara tatu. Mara zote tatu alikuwa ameivaa.